Sungura, kitunguu na tumbo lisilotulia: uchambuzi wa kisa kimoja

Kisa hiki ni cha kielelezo. Kimeunganishwa kutokana na hali zinazojirudia kwa watu wenye tumbo linalochafuka upesi, kwa hiyo mama anayezungumziwa hapa si mtu mmoja unayeweza kukutana naye. Vyakula, vipimo na makosa yaliyomo ni yale yale yanayokutwa majikoni na katika vyumba vya ushauri wa lishe.

Mhusika ana miaka 36, ni mwalimu wa shule ya msingi mjini Nyeri, uzito wake kilo 61. Kwa miezi minane amekuwa akiumwa tumbo chini ya kitovu siku tatu au nne kila wiki. Gesi huanza kujaa alasiri, tumbo linanguruma hadi darasani, na maumivu hupungua akishakwenda choo. Siku mbaya huenda mara nne, choo kikiwa kama uji. Siku nzuri mara moja tu. Hajaona damu, hana homa, haamshwi usiku na haja, na uzito haujashuka.

Kabla ya kugusa chakula, ilibidi kuhakikisha kwamba hakuna ugonjwa uliojificha. Choo kilipimwa vimelea vya giardia na amiba, kikapimwa na bakteria wa tumbo wanaoitwa H. pylori, vyote havikuonekana. Damu ilikuwa ya kutosha, haemoglobini 12.8. Kipimo cha damu cha siliaki, ugonjwa wa mwili kukataa gluteni ya ngano, kilifanywa naye akiwa bado anakula chapati. Hilo ni la lazima, kwa sababu mtu akishaacha ngano kwa muda, kingamwili zinazotafutwa hupungua na jibu linaweza kutoka safi kwa uongo. Nalo likatoka safi. Kwa vigezo vya Roma vya mwaka 2016, ambavyo madaktari hutumia kutambua matatizo ya tumbo ya aina hii, maumivu ya angalau siku moja kwa wiki katika miezi mitatu ya mwisho, yanayohusiana na angalau mawili kati ya haya: kwenda choo, mabadiliko ya mara za kwenda, na mabadiliko ya umbo la choo, na yaliyoanza miezi sita nyuma au zaidi, yanatosha kusema hii ni IBS: utumbo hauna kidonda wala uvimbe, ila mwendo wake na hisia zake vimevurugika.

Ni muhimu kusisitiza hapa. Kama kungekuwa na damu kwenye choo, kupungua uzito bila sababu, upungufu wa damu, homa, kuharisha kunakomwamsha mtu usingizini, au dalili zilizoanza mara ya kwanza baada ya miaka 50, suala la nyama gani aile lingesubiri. Huyo anahitaji daktari kwanza.

Wiki mbili zilizomchanganya

Ndugu wa karibu alimshauri aache nyama ya ng'ombe na ya mbuzi, ale ya sungura kwa kuwa ni nyepesi. Ushauri wenyewe haukuwa mbaya. Eneo la Nyeri sungura hufugwa nyuma ya nyumba nyingi, na kila sungura aliyemnunua alikuwa wa aina ya New Zealand mweupe, wa miezi minne hivi, kilo 2.4 akiwa hai, kilo 1.3 baada ya kuchinjwa, kuchunwa na kutolewa matumbo.

Wiki ya kwanza alimla jioni nne, akipikwa kama mchuzi wowote wa nyumbani: vitunguu vitatu vikubwa, punje sita za kitunguu saumu, nyanya nne, vijiko viwili vya nyanya ya kopo, pakiti moja ya viungo vya mchuzi, na vijiko sita vya mafuta. Mafuta ya figoni hayakutolewa. Sufuria ililisha watu watano, kila mmoja akipata takriban gramu 140 za nyama iliyoiva, na yeye alikula na chapati mbili. Usiku tumbo lilijaa kuliko kawaida. Asubuhi maumivu, choo laini mara nne au tano. Akaandika kwenye daftari: sungura amenikataa.

Wiki ya pili rafiki akamwambia tatizo ni wanga. Akaacha chapati, ugali, viazi na wali. Kwa siku tano alikula nusu sungura kwa siku, gramu 350 hivi za nyama iliyochemshwa kwa maji na chumvi, pamoja na sukuma wiki. Siku ya tatu kichwa kikaanza kuuma, akawa mchovu, njaa haishi, choo kikawa kigumu. Kilo 1.6 zikatoka. Akaandika tena: sungura amenikataa.

Daftari hilo lilikuwa na jibu ndani yake, ila lilisomwa vibaya. Katika wiki ya pili nyama ya sungura aliyokula kwa siku ilikuwa mara mbili na nusu ya ile ya jioni moja ya wiki ya kwanza, na gesi ikaisha. Maumivu ya chini ya kitovu yakaisha. Ikiwa nyama ndiyo iliyomchafua wiki ya kwanza, wiki ya pili angelazwa. Alikuwa na matatizo mawili tofauti, kila moja na chanzo chake, na sungura alikuwepo katika yote mawili bila kusababisha hata moja.

Ndani ya sufuria ya wiki ya kwanza

Nyama, iwe ya sungura au ya kuku, haina sukari zinazochacha utumboni. Sukari hizo ndizo kundi linaloitwa FODMAP, na mlo wa kuziondoa kwa muda ulibuniwa na watafiti wa Chuo Kikuu cha Monash, Melbourne, Australia. Zilizomhusu mama huyu zaidi ni fruktani, zilizomo kwa wingi katika kitunguu maji, kitunguu saumu na ngano. Mwili wa binadamu hauna kimeng'enya cha kuzivunja. Zinapita utumbo mwembamba zikivuta maji, zinafika utumbo mpana, bakteria wanazichachua, gesi inatoka. Mtu mwenye utumbo mtulivu anajamba na kusahau. Mwenye utumbo wenye hisia kali anasikia maumivu kwa kiasi kile kile cha gesi.

Vitunguu vile vitatu vilikuwa gramu 360 hivi, yaani gramu 70 na ushee kwa kila mlaji, juu yake saumu, juu yake chapati mbili, juu yake pakiti ya viungo. Soma nyuma ya pakiti hizo: mara nyingi utakuta unga wa kitunguu, unga wa saumu, pengine na unga wa ngano.

Wengi husema, basi nitavitoa vipande vya kitunguu nikiwa mezani. Haisaidii. Fruktani huyeyuka katika maji. Baada ya dakika arobaini za kuchemka zimeshahamia kwenye mchuzi, na kipande unachokitenga kimebaki makapi. Haziyeyuki katika mafuta, na hapo ndipo kuna njia halali: kaanga vipande vikubwa vya kitunguu au saumu katika mafuta matupu, bila maji, bila nyanya, bila nyama, kisha vitoe vyote kabla ya kitu kingine kuingia. Ladha inabaki kwenye mafuta. Nyama ikishaingia huanza kutoa maji yake, na ukichelewa hapo umeshakosa. Mafuta hayo ya saumu yatumike siku hiyo hiyo. Kuyaweka kwenye chupa kabatini ni hatari, kwa sababu bakteria wa botulini hukua mahali pasipo na hewa kama hapo.

Halafu kuna hesabu ya mafuta, ambayo watu huisahau wakiamini wamekula chakula chepesi. Gramu 140 za sungura aliyeiva zina gramu 12 hivi za mafuta. Vijiko sita vya mafuta ya kupikia vikigawanywa kwa watano ni gramu 16 kwa kila mmoja. Chapati mbili zinaweza kuongeza nyingine 16. Mlo mzima una takriban gramu 44, na sungura kachangia robo tu. Mafuta mengi kwa mpigo huchochea utumbo mpana kujikaza mapema baada ya kula, na kwa tumbo la aina hii mkazo huo ni maumivu.

Njia moja nzuri ya kutenganisha vyanzo ni kuangalia saa. Maumivu na haja ya ghafla katika saa ya kwanza baada ya kula huelekeza kwenye mafuta, pilipili au wingi wa chakula. Gesi inayojengeka kuanzia saa ya nne na kuendelea hadi kesho yake huelekeza kwenye sukari zinazochacha. Vipele, kuwashwa au kuvimba midomo kati ya saa ya 2 na ya 6 baada ya nyama ni jambo jingine kabisa, nalo tutalifikia. Homa na kutapika, hasa kama wengine waliokula pamoja nao wameugua, ni uchafu au bakteria. Daftari la mama huyu lilikuwa na tarehe bila saa, na hilo lilimgharimu.

Udhaifu wa wiki ya pili

Wasafiri wa kaskazini mwa Amerika waliijua hali iliyoitwa njaa ya sungura: mtu anakula sungura wa porini wasio na mafuta hadi kushiba, lakini anadhoofika, anachafukwa na roho, anaharisha. Mvumbuzi wa maeneo hayo, Vilhjalmur Stefansson, aliielezea. Ini lina kikomo cha kubadilisha naitrojeni ya protini kuwa urea, na protini ikizidi takriban asilimia 35 ya kalori zote kwa muda, mwili huanza kulemewa.

Mwalimu wetu hakufika huko kwa siku tano, na si sawa kumtisha kwa hadithi hiyo. Gramu 350 za nyama zilimpa protini gramu 106 hivi, kiasi ambacho ini na figo zenye afya hukimudu. Shida ni kwamba siku nzima ilikuwa na kalori 800 hivi tu, zaidi ya nusu zikitoka kwenye protini. Kichwa, njaa na uchovu ni kukosa nishati na wanga. Choo kigumu ni kukosa ujazo wa chakula. Kilo zilizotoka nyingi ni maji yanayoondoka na akiba ya wanga mwilini. Ugali wa mahindi haukupaswa kuondolewa kabisa: hauna fruktani ya kumsumbua. Wali vivyo hivyo, na viazi mviringo.

Kwa nini tulimrudishia sungura

Si kwa sababu ni dawa. Wapo wanaouza nyama hii kama tiba ya vidonda vya tumbo, na dai hilo halina msingi; kuku aliyetolewa ngozi angefanya kazi karibu ile ile. Faida za sungura ni za kawaida lakini za kweli. Gramu 100 zilizochemshwa zina protini gramu 30 hivi na vitamini B12 nyingi. Nyuzi zake ni nyembamba, na akiwa mchanga hana mishipa migumu mingi. Na mafuta yake yamekusanyika mahali pachache, kuzunguka figo na juu ya mabega, kiasi kwamba unayang'oa kwa vidole kabla ya kupika. Ng'ombe hakupi nafasi hiyo, kwa kuwa mafuta yake yamepenya ndani ya nyama.

Kabla ya kumshauri mtu ale sungura, muulize imani yake. Wasabato hawamli, wakifuata Walawi 11:6. Waislamu wa Sunni wengi humla, Mashia wa Ithnaashari hapana. Kumpa mtu mlo asioweza kuukubali ni kupoteza wiki zake.

Kuchagua na kuandaa ndiko kunakoharibu zaidi. Umri mzuri ni miezi mitatu hadi minne. Aliyepita miezi sita anafaa, lakini anahitaji moto wa saa mbili. Mwulize mfugaji kama sungura alipewa dawa ya kuharisha au ya minyoo karibuni, na kama siku za kusubiri zilizoandikwa kwenye dawa zimekwisha. Wakati wa kutoa matumbo, nyongo ikatwe pamoja na kipande kidogo cha ini ili isipasuke. Ikimwagika, nyama inakuwa chungu. Ini likiwa na madoa au vinundu vyeupe, litupe. Mara nyingi ni koksidia ya sungura, ugonjwa wa vimelea usioambukiza binadamu, ila hakuna sababu ya kulila. Kisha nyama ipumzike kwenye friji saa 12 hadi 24. Inayopikwa ikiwa bado imekakamaa huwa ngumu zaidi.

Panga lisitumike. Mifupa ya sungura ni myembamba na ikipigwa hupasuka vijiti vikali, vinavyoweza kukwama kooni au kuchoma njiani. Tumia kisu kwenye viungo: mapaja mawili ya nyuma kwenye maungio ya nyonga, mikono miwili ya mbele inayoachia yenyewe kwa kuwa haikuungwa na mfupa, kisha mgongo ukatwe kati ya pingili mara mbili au tatu.

Sufuria mpya, kwa kilo moja ya nyama yenye mifupa: vijiko viwili vya mafuta, tangawizi iliyotwangwa kijiko kimoja, bizari ya manjano nusu kijiko cha chai, jira iliyosagwa kijiko kimoja cha chai, karoti mbili, nyanya mbili za wastani, chumvi kijiko kimoja na nusu cha chai, maji mililita 750, na kikombe kimoja cha majani ya kitunguu, sehemu ya kijani pekee. Ile nyeupe chini ina fruktani. Ya kijani haina za kutosha kumdhuru. Geuza mapaja kwenye mafuta hadi yashike rangi, tia viungo, nyanya, maji, funika, moto mdogo. Baada ya dakika 35 ongeza mgongo na karoti. Mgongo ukiingia mapema hukauka, kwa kuwa hauna mafuta ya kuulinda. Baada ya dakika 65 hadi 75 uma uingie karibu na mfupa wa paja bila kulazimishwa. Majani ya kitunguu na dhania huingia dakika mbili za mwisho. Mwenye kipimajoto atafute nyuzi 71 ndani ya nyama, lakini paja linahitaji muda zaidi ya hapo ili lilainike.

Usichemshe kwa moto mkali. Protini hujikaza, maji yanatoka, nyama inakuwa nyuzi kavu zinazomezwa bila kutafunwa vizuri, na mlaji anasema nyama ni nzito.

Jaribio

Kwanza alikaa siku 14 kwenye mlo usio na kitunguu, saumu, ngano, maharagwe, maziwa, embe na parachichi. Alikula ugali, wali, viazi, mayai, sukuma wiki, spinachi, karoti, ndizi zisizoiva sana, chai ya rangi. Siku ya tisa gesi ilipungua waziwazi.

Kwa kawaida nyama isiyo na sukari za kuchacha haihitaji kujaribiwa peke yake. Hapa tuliona inafaa, kwa sababu alikuwa na hofu ya sungura, na hofu yenyewe huufanya utumbo ujikaze. Siku ya kwanza gramu 50 za nyama iliyoiva, ya pili gramu 100, ya tatu 150, kila mara na ugali ule ule na mboga ile ile, akiandika hali baada ya saa 1, 4 na 24. Hakuna kilichotokea.

Kisha vikaja vyakula vingine, kimoja kimoja, kila kimoja siku tatu kwa kiasi kinachoongezeka, na siku tatu za utulivu katikati. Kitunguu maji: kijiko kimoja cha vipande katika sufuria yake hakikuleta shida, viwili vilileta gesi saa ya tano, vitatu vikaleta maumivu. Tukasimama hapo. Saumu ilimshinda kwenye punje moja. Chapati moja ilikwenda, mbili hapana. Maziwa nusu kikombe kwenye chai hayakumsumbua kabisa, na alifurahi, maana chai ya maziwa ndiyo aliyokuwa akiililia. Maharagwe yaliyolowekwa usiku na kumwagwa maji, robo kikombe, sawa.

Tulijaribu pia sungura wa kukaanga kwa mafuta mengi, bila kitunguu. Haja ya ghafla ndani ya dakika 40. Kwa hiyo mafuta nayo yana sehemu yao kwake, na kipimo chake ni sungura wa kuchemshwa au wa kuokwa, si wa kukaanga. Gramu 100 hadi 120 kwa mlo, kama paja moja la nyuma, mara tatu kwa wiki, zikibadilishana na kuku, mayai na samaki.

Hatua ya kuondoa vyakula isizidi wiki sita. Wanaobaki humo miezi hujinyima nyuzinyuzi wanazozihitaji bakteria wema wa utumbo, na huanza kuogopa kula nyumbani kwa watu.

Wasioweza kuiga kisa hiki

Mwenye ugonjwa wa figo asiongeze nyama yoyote bila daktari wake. Mwenye gauti aihesabu kama nyama nyingine, kwa sababu purini, kemikali zinazochochea gauti, zimo. Na vile vipele vya saa kadhaa baada ya nyama tulivyovitaja: kuna mzio unaosababishwa na kuumwa na kupe, ambapo mwili hukataa sukari iitwayo alpha-gal iliyomo katika nyama ya mamalia. Sungura ni mamalia. Weupe wa nyama yake humdanganya mtu mwenye mzio huo akadhani ni kama kuku. Kwake si salama, na kuku au samaki ndio wa kuchagua.

Baada ya miezi mitatu ugumu uliobaki ulikuwa wa kifamilia: watu wanne wanataka mchuzi wenye kitunguu, mmoja hawezi, na kupika masufuria mawili kila jioni hakuna mwalimu anayekuweza. Njia iliyodumu ni kupika msingi mmoja bila kitunguu hadi nyama iive, kumtolea sehemu yake kwenye bakuli, kisha kuunga kilichobaki kwa kitunguu na saumu vilivyokaangwa pembeni. Mwiko wa kuungia usirudi kwenye bakuli lake. Inaongeza dakika kumi.